Hofu ya Mtihani wa KCSE: Inavyoanza na Nafasi ya Mzazi

Wiki chache kabla ya KCSE, nyumba nyingi za Madogo hubadilika. Mtoto aliyekuwa akila vizuri anaacha chakula nusu. Mwingine analalamika tumbo kila asubuhi, anapelekwa zahanati, anapimwa malaria, na hakuna kinachoonekana. Mwingine anakesha na kitabu kilekile usiku wa tatu mfululizo na bado anasema hajashika kitu. Wazazi wengine huona ni uvivu, wengine husema ni jicho la watu. Mara nyingi ni hofu ya mtihani.

Mtu akiona hatari, mwili wake hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, viganja hutoka jasho, tumbo huvurugika. Kwa mkulima aliyekutana na kiboko kando ya mto Tana, hali hiyo ni msaada, kwa kuwa inampa nguvu za kukimbia. Hata mwanafunzi, hofu kidogo humwamsha asome. Shida huanza hofu inapokaa wiki nyingi bila kushuka. Usingizi hupungua, na kumbukumbu hupungua pamoja nao, kwa sababu ubongo huyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana wakati mtu amelala.

Ndiyo maana kukesha ni hasara. Baadhi ya vijana hutafuna miraa au muguka ili wasilale, lakini majani hayo huongeza mapigo ya moyo, hukata hamu ya chakula na kufukuza usingizi, yaani yanazidisha yaleyale yanayoletwa na hofu. Kijana aliyelala saa saba au nane ataandika vizuri kuliko aliyepitia sura tatu zaidi usiku wa manane. Na katika joto la Madogo, saa nane mchana si saa ya hesabu. Wakati mzuri ni alfajiri baada ya swala, hewa ikiwa bado baridi, au jioni jua likishatua.

Namna ya kusoma nayo ina uzito. Kusoma daftari mara tano humfanya mwanafunzi adhani anajua. Anayefunga daftari, akaandika anachokumbuka, kisha akafungua kuangalia alichosahau, hujifunza zaidi kwa muda mfupi. Karatasi za miaka iliyopita hufanya kazi hiyohiyo, na zinamzoesha mtahiniwa umbo la mtihani. Kwa mfano, karatasi ya Hisabati ni ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza hujibiwa yote, na ya pili mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane. Anayejua hivyo mapema hashtuki akikutana na swali gumu. Analiruka na kuendelea.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi bado hawajalisikia. Tangu matokeo ya mwaka wa 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyofaulu zaidi. Somo moja kuharibika si mwisho wa safari. Anayepata C+ anaweza kuwekwa chuo kikuu kupitia KUCCPS, C- inaingia diploma, D inaingia cheti, na hata aliye chini ya hapo ana kozi za ufundi. Ng'ambo ya daraja tu, mjini Garissa, kuna chuo kikuu na vyuo vya kiufundi. Mtoto anayeambiwa kwamba chini ya C+ hana maisha anadanganywa, na uongo huo unamwelemea kuliko karatasi yenyewe.

Maneno ya nyumbani ndiyo mzigo mkubwa. Mzazi aliyeuza mbuzi au ndama kulipa karo ana haki ya kutaka matunda yake, lakini kumkumbusha mtoto kila jioni kuhusu mnyama huyo hakuongezi alama. Kumlinganisha na binamu aliyeenda chuo kikuu ni hivyohivyo. Swali linalosaidia ni dogo: leo umesoma nini, na wapi umekwama? Wasichana huhitaji jambo la ziada, nalo ni muda. Binti anayeteka maji, kupika na kulea wadogo kabla ya kushika kitabu saa tatu usiku tayari amechoka. Katika wiki za mtihani, ndugu zake wa kiume wanaweza kubeba mitungi.

Njia pia ifikiriwe mapema. Novemba ya mwaka wa 2023, mvua za El Niño zilileta mafuriko yaliyokata barabara ya Garissa kwenda Nairobi eneo la Madogo, na serikali ikatumia helikopta kufikisha karatasi za mtihani katika baadhi ya sehemu za nchi. Mtahiniwa wa shule ya kutwa anayeishi ng'ambo ya laga afadhali ahamie kwa jamaa aliye karibu na shule kabla mvua hazijaanza.

Hofu huwafanya wengine watafute njia ya mkato. Kila mwaka matapeli huuza kwenye simu karatasi wanazodai zimevuja, na wazazi hutuma pesa. Nyingi ni bandia, na mtoto hupoteza usiku akikariri majibu ya maswali ambayo hayataulizwa. Atakayekutwa na mwakenya au simu kwenye chumba cha mtihani anaweza kufutiwa matokeo, na Sheria ya Baraza la Mitihani la Kitaifa la Kenya ya 2012 ina adhabu za jela na faini.

Hofu inaweza kugeuka ugonjwa. Mtoto akijitenga kwa siku nyingi, akaacha kula, akagawa vitu vyake, au akasema ni afadhali asingekuwepo, asichukuliwe kuwa anatania wala asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Apelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha au kituo cha afya siku hiyohiyo. Familia zilikuwa zikificha mambo haya kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba.

Nambari 116 ya Childline Kenya na 1199 ya Chama cha Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Zihifadhiwe kwenye simu ya nyumbani hadi Januari, kwa kuwa siku ya matokeo ni nzito kuliko siku ya karatasi ya kwanza. Siku hiyo mzazi awe nyumbani, matokeo yafunguliwe pamoja, na mazungumzo ya chuo yasubiri kesho yake.