Nairobi katikati ya muji: kila barabara na bei yake

Wenzangu wa masomo, kila mwaka kuna mumoja kati yetu mwenye kushika njia ya Nairobi na dolare mufukoni. Anaenda kutafuta vitu vya kuanza nayo biashara: ordinatere, telefone, mizani. Mara mingi pesa ile si yake peke yake. Ni ya likelemba, ao baba aliuzisha ngombe. Njo maana inafaa kuelewa namna ule muji umepangwa mbele ya kutosha hata dolare moja.

Nairobi ilianza 1899 kama kambi ya reli. Leo katikati ya muji unaweza kuizunguka kwa miguu siku moja tu. Shika alama mbili. Ya kwanza ni KICC, lile jengo refu la muviringo lililomalizika 1973. Iko na etaje 28, na wageni wanalipa kupanda mpaka juu. Panda siku ya kwanza, utaona ramani yote chini ya miguu yako. Alama ya pili ni barabara inaitwa Moi Avenue. Upande wa magharibi, kwenye Kenyatta Avenue na Kimathi Street, kuna mabanki, mahoteli, mabiro na magazini ya vioo. Upande wa mashariki, kuelekea Tom Mboya Street na River Road, kuna maduka madogo, matatu na mabasi ya safari ndefu. Wenye muji wenyewe wanahesabu Moi Avenue kama mupaka.

Kwa nini bei inabadilika ukivuka barabara moja tu? Juu ya kodi ya fasi. Vioo, walinzi, mataa, vyote mununuzi njo analipa. Lakini kule si pa kukimbia. Kule unapata fakture ya kweli na garanti ya kuandikwa. Kwa hiyo fanya kule kuwa darasa: soma namba ya modeli, angalia nguvu ya batiri, uliza bei, andika yote. Kisha vuka.

Mashariki, kila barabara iko na kazi yake. Luthuli Avenue ni elektroniki. Kirinyaga Road ni spea za magari. Biashara Street, ingawa iko upande wa magharibi, ni vitambaa na vitu vya watoto wachanga. Ukifika Kamukunji, utasikia nyundo mbele ya kuona mafundi: masanduku, majiko, sufuria. Utauliza, kwa nini washindani wanakaa mulango kwa mulango? Ni kwa sababu wateja wanajua fasi ya kuja, fundi wa kutengeneza anakaa karibu, na muuzaji akikosa kitu anakimbia kwa jirani.

Hapo njo uwe macho. Kijana akikuambia "ngoja dakika mbili" na akatoka, pengine kitu kile si chake. Bei yako sasa inalisha midomo miwili. Endelea mbele, utafute mwenye stoki. Tena, maduka mingi makubwa yalikatwa kuwa vibanda vidogo, na kila kibanda na mwenyewe. Garanti ya mudomo haina kazi pale. Fungua kitu, kiwashe, kijaribu, kisha udai risiti yenye jina la jengo na namba ya kibanda.

Kulipa, kule wanatumia sana M-Pesa, tangu 2007. Na pasipoti yako unaweza kuandikisha laini ya telefone, hauna lazima ya kutembea na bunda la pesa River Road. Angalia tu jina la mwenye kupokea.

Angalia pia fishi ya umeme: ya Kenya iko na vyuma vitatu bapa, yetu ni viwili vya muviringo. Adapta za mashini makumi mawili ni pesa, uzihesabu.

Na kama mwana-agronomia, naongeza hii: musitie mbegu mufukoni ati juu pakiti ni nzuri. Mbegu kuvuka mupaka inaomba cheti cha afya ya mimea; Kenya, KEPHIS njo inatoa. Tena mahindi ya nyanda za juu hayafanyi vizuri fasi ya joto, hata pakiti ingekuwa ya bei gani.

Mwisho, fanya hesabu kwa karatasi mbele ya kununua: bei, safari kwenda na kurudi, kulala, duane ya kila mupaka, na vitu vitakavyovunjika njiani. Gawanya kwa idadi ya vitu. Linganisha na bei ya jumla ya Goma ao Bukavu. Ikiwa tofauti ni ndogo, usisikie haya kurudi mikono mitupu. Utarudi na bei zote na namba ya telefone ya mwenye stoki, na pesa ya likelemba itakuwa ingali nzima.