MAJI YANAKATA KIOO, KUSAGA NI KAZI YAKO!

Wapo watu duniani ambao hawanunui darubini dukani. Wanaitengeneza wenyewe nyumbani, kuanzia kioo mpaka boksi la mbao la kuishikilia, halafu usiku wanatoka nje kujionea mashimo ya mwezini na pete za sayari ya Zohali.

Moyo wa darubini ya aina hii ni kioo kinene cha duara, kilichosagwa upande mmoja kikabonyea kama sahani. Hicho ndicho kinachokusanya mwanga wa nyota. Kasheshe ya miaka yote ni moja: hilo duara unalipata wapi?

PONEA CHUPUCHUPU

Muulize William Herschel, mwalimu wa muziki aliyekuwa akiishi mji wa Bath, Uingereza. Enzi zake vioo vya darubini vilikuwa vya madini, na jamaa alikuwa anavimimina mwenyewe nyumbani. Machi 13, 1781 aliiona sayari ya Uranus kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Mwaka huohuo akataka makubwa zaidi. Akayeyusha madini kwenye chumba cha chini ya nyumba, uji wa moto ukavuja, mawe ya sakafuni yakaanza kulipuka na kuruka. Mzee mzima na vibarua wake walitoka nduki!

Kung'arisha nako usiseme. Mdogo wake wa kike, Caroline, aliandika kwamba kuna siku kaka yake alikaa saa 16 bila kuinua mikono kwenye kioo. Yeye ndiye aliyekuwa akimtia tonge mdomoni.

DIRISHA LA MELI

Baadaye ikaja zamu ya John Dobson, mtawa wa Vedanta kule San Francisco, Marekani. Pesa hakuwa nazo. Akachukua kioo cha dirisha la duara la meli, upana inchi 12, akakisaga. Alipouona mwezi, akaona dhambi kuufaidi peke yake. Akawa anaikokota darubini yake mitaani usiku, kila apitaye anakaribishwa kuchungulia.

Wakubwa wake hawakufurahia kutokuwapo kwake, na mwaka 1967 akajikuta nje ya geti, hana nyumba wala kazi. Hakuacha. Mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanzisha kikundi cha kuonyesha nyota barabarani bila kiingilio. Alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98, na mpaka leo darubini za boksi la mbao zinaitwa kwa jina lake.

Wasio na dirisha la meli walitumia kipande cha bomba la chuma. Unalizungusha juu ya kioo huku unamwagia maji na unga wa msasa. Saa zinakatika, kelele mtaa mzima, na dakika ya mwisho kioo kinaweza kukumeguka pembeni. Noma!

MAJI YENYE MENO

Sasa kuna njia ya mkato, ati maji! Fundi tairi akikujazia gari dogo anaishia kwenye 30 hivi. Kwa kipimo hichohicho, mashine hii inafika 60,000. Maji yanatokea kwenye tundu dogo sana yakiwa yamechanganywa na mchanga mgumu wa ganeti, ndugu wa lile jiwe la kwenye pete. Mchanga ndio unaokata, maji yanausukuma tu.

Injinia Mohamed Hashish ndiye aliyefanikisha ujanja wa kuchanganya mchanga na maji, akiwa katika kampuni ya Flow ya Marekani. Mashine ya kwanza iliuzwa mwaka 1983, na kazi yake ilikuwa kukata vioo vya magari.

Uzuri wake ni kwamba kioo hakipati moto, na moto ndio unaokipasua. Kompyuta inaongoza, na kwa dakika chache tu unakabidhiwa duara lako kutoka kwenye bamba nene la kioo cha kawaida.

Lakini angalia usiingizwe mjini. Kioo kilichokomazwa kwa moto, kama cha mlango wa gari, hakikatwi hivyo. Kikiguswa tu kinamwagika chote kama chumvi ya mawe. Hata kioo cha kawaida, fundi akianza kutoboa na presha yote, kinaweza kupasuka. Fundi mzuri anaanza na presha ndogo au anaingilia pembeni.

HAPO NDIPO UNAANZA

Ukishapata duara usidhani umemaliza. Unahitaji maduara mawili, moja juu ya jingine, katikati unga wa msasa na maji. Unasukuma mbele na nyuma huku unazunguka meza. La juu linabonyea, la chini linavimba. Unga unazidi kuwa laini kila hatua, mwisho unang'arisha juu ya lami.

Kioo cha milimita 200, kwa darubini ya urefu wa kawaida, kinabonyezwa milimita 2 tu katikati. Ila makosa yanayovumilika ni chini ya sehemu moja ya 10,000 ya milimita! Ukikigusa kwa kidole gumba sekunde chache, joto lako linainua kinundu kinachoonekana kwenye kipimo. Inabidi ukae pembeni usubiri kipoe. Hapo hakuna mashine ya kukusaidia, ni subira yako tu, ileile ya Herschel.

Na onyo moja: usielekeze darubini kwenye jua ukachungulia, hata kwa utani. Jicho likiungua ndiyo basi tena.

Duara siku hizi ni la dakika chache. Mikono unayo? Haya, kazi kwako!