Mpelelezi Aliyepelelezwa

Tangu mwaka 1930 hata kufikia 1962, mamilioni ya watu wa Marekani walizoea kuketi mbele ya redio kila jioni, baada ya kazi, wakisikiliza habari za wauaji, wezi, majasusi na askari kanzu. Michezo ile imekwisha siku nyingi, lakini mingi ilirekodiwa, na mpaka leo wako wanaoisikiliza. Sisi twaona yafaa kuizungumza katika ukurasa huu, wala si kwa ajili ya burudani peke yake. Nyuma ya michezo ile kuna kisa cha kweli kinachomhusu kila mtu alaye jasho lake, nacho ni kisa cha mtu aliyeumba mpelelezi mashuhuri kisha yeye mwenyewe akawindwa.

Kwanza tuwape haki yao waliofanya kazi ile. Redio haina macho. Mchezaji hana uso wala mavazi. Anayo sauti tu, na kando yake yuko fundi wa milio. Fundi huyo alifinya mfuko wa unga wa mahindi, msikilizaji akasikia nyayo katika theluji. Alikunjakunja karatasi laini, nyumba ikawaka moto. Kwa vitu kama hivyo walijenga mji mzima ndani ya kichwa cha mtu aliyeketi gizani. Mchezo uitwao The Shadow, ambao sauti yake ilianza kusikika mwaka 1930, ulidumu hadi 1954. Na Orson Welles alipouingia mwaka 1937 alikuwa kijana wa miaka 22. Dragnet wa Jack Webb, ulioanza mwaka 1949, ulichukua visa vyake katika majalada ya polisi wa Los Angeles, ukawaonyesha wasikilizaji kwamba upelelezi ni kazi ya kuchosha, ya kuuliza na kuandika na kuuliza tena.

Lakini sauti ile haikuwa ya bure. Karibu kila mchezo ulikuwa na tajiri wake: huyu muuza mafuta ya nywele, huyu muuza dawa ya tumbo, huyu kampuni ya bima. Tajiri ndiye aliyelipa mishahara, na aliyelipa mishahara ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Hata ile The Shadow ilizaliwa ili kampuni ya Street & Smith iuze magazeti yake ya hadithi. Wala si matajiri peke yao. Mwaka 1935 Phillips Lord alipotaka kutunga michezo juu ya makachero wa serikali, alihitaji ridhaa ya J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, na maandiko yake yalikaguliwa katika ofisi hiyo kabla hayajasomwa hewani. Baadaye ukaja This Is Your FBI, uliotangazwa tangu 1945 hadi 1953 kwa baraka za Hoover na kwa fedha za kampuni ya bima. Hivyo msikilizaji alidhani anasikia hadithi, kumbe mara nyingine alikuwa akisikia ofisi ikijisifu yenyewe.

Sasa tumtazame Dashiell Hammett. Alizaliwa mwaka 1894 katika jimbo la Maryland, akaacha shule angali mdogo kwa sababu ya shida za nyumbani. Mwaka 1915 aliajiriwa na kampuni ya upelelezi ya Pinkerton. Wafanyakazi wa Marekani walilijua vema jina hilo. Mwaka 1892, mafundi wa chuma wa Homestead walipogombana na kampuni ya Carnegie, watu 300 wa Pinkerton waliletwa kwa matishari wakiwa na bunduki, na wafu walianguka pande zote mbili. Hammett aliijua kazi ile kwa ndani, akaiacha, akashika kalamu. Mwaka 1930 kilitoka kitabu chake The Maltese Falcon, ndani yake akiwamo Sam Spade, mpelelezi asiyenunulika kwa urahisi.

Redio haikuchelewa kumtwaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili michezo mitatu ilikuwa hewani kwa jina la Hammett: The Thin Man, The Fat Man, na The Adventures of Sam Spade, ulioanza mwaka 1946 huku Howard Duff akiwa Spade. Hammett hakuiandika, alilipwa kwa jina lake na kwa watu aliowaumba. Duff alimcheza Spade kwa mzaha na ukali pamoja, na watu wakampenda sana.

Mwezi wa Juni 1950 kikatolewa kitabu kidogo kilichoitwa Red Channels. Hakikutolewa na mahakama wala na bunge. Kilitolewa na watu binafsi waliokuwa wakichapa gazeti la kuwafichua wakomunisti. Ndani yake mlikuwa na majina 151 ya watu wa redio na televisheni, na chini ya kila jina vyama au mikutano ambayo mtu huyo alisemekana kuhusika nayo. Hammett alikuwamo. Howard Duff alikuwamo. Orson Welles naye alikuwamo. Hapana aliyeshtakiwa kwa kosa lo lote, hapana shahidi aliyehojiwa. Ilitosha jina kuonekana. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo. Watu wale waliigeuza methali hiyo kuwa sheria, na matajiri wenye bidhaa za kuuza wakaogopa.

Miezi michache baadaye mchezo wa Sam Spade uliondolewa hewani. Wasikilizaji waliandika barua kwa wingi wakitaka urudishwe, nao ukarudi mwezi wa Novemba, lakini sauti ya Duff haikurudi. Akawekwa Steve Dunne, na ilipofika Aprili 1951 mchezo ukafa.

Hammett mwenyewe alingojewa na makubwa zaidi. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto, na alikuwa mmoja wa wadhamini wa mfuko wa dhamana wa Civil Rights Congress, chama kilichowatetea watu weusi na wenye siasa za kushoto waliofikishwa mahakamani. Viongozi wanne wa chama cha kikomunisti, waliokwisha kuhukumiwa kisha wakatolewa kwa dhamana ya mfuko huo, wakatoroka. Mwezi wa Julai 1951 mahakama ya New York ilimwita Hammett, ikamtaka ataje waliochangia fedha za mfuko. Alikataa. Akafungwa miezi sita kwa kuidharau mahakama, akatumikia karibu mitano. Alipotoka Desemba, michezo yake yote mitatu ilikuwa imekoma, na serikali ikawa inamdai kodi ya zaidi ya dola 100,000.

Mwaka uliofuata, 1952, redio zilianza kutangaza mchezo mwingine wa ujasusi, I Was a Communist for the FBI. Vilichezwa visa 78, na shujaa wake alikuwa Matt Cvetic, mtu wa kweli wa Pittsburgh aliyeingia katika chama cha kikomunisti akiwa jasusi wa FBI, akapeleka habari za wenzake kwa malipo, kisha mwaka 1950 akawataja hadharani. Wasomaji walinganishe wenyewe: aliyetaja majina alitungiwa mchezo, aliyekataa kutaja majina aliondolewa michezo yake.

Wako watakaosema kwamba siku zile majasusi walikuwapo kweli. Ni kweli, walikuwapo, na karatasi za siri zilizofunguliwa mwaka 1995 zimelithibitisha jambo hilo. Kila dola ina haki ya kumkamata jasusi na kumshtaki kwa ushahidi. Lakini mchezaji asomaye maneno ya Sam Spade na kusifu mafuta ya nywele alikuwa na siri gani ya nchi? Michezo yenyewe ilifundisha, juma baada ya juma, kwamba mpelelezi mwema hamshiki mtu kwa uvumi. Hutafuta alama ya kidole, humhoji shahidi, hupima neno kwa neno. Waliolipia somo hilo ndio waliolivunja, tena katika studio zile zile.

Hammett alifariki Januari 1961, akazikwa katika makaburi ya askari ya Arlington, kwa kuwa alilitumikia jeshi la nchi yake katika vita vikuu vyote viwili. Septemba 1962 michezo miwili ya mwisho ya jinsi ile, Suspense na Yours Truly, Johnny Dollar, ilinyamaza. Televisheni ilikuwa imekwisha kuwatwaa wasikilizaji na matajiri pia.

Twawaasa wasomaji wetu wasikilize michezo kwa furaha, kwa maana burudani ni haki ya mtu aliyechoka kwa kazi. Lakini wanapoisikiliza wajiulize ni nani aliyeilipia, na ni nani ambaye sauti yake imeondolewa. Kisha, siku watakapoletewa orodha ya majina kazini, katika chama cha wafanyakazi au mtaani, na kuambiwa kwamba hawa ni wabaya, wasimtupe mwenzao kwa ajili ya karatasi. Waulize kwanza: ushahidi uko wapi?