Mtoto Anapotibiwa Saratani: Nyumba Ijipange Mpaka Mwisho

Saratani si ugonjwa wa watu wazima peke yao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, wenye umri usiozidi miaka 19, hupata ugonjwa huu. Katika nchi tajiri, zaidi ya 80 kati ya kila 100 hupona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki hata 30. Sababu ni kuchelewa kuutambua ugonjwa, uhaba wa dawa na wataalamu, na jambo moja linalotuhusu sisi wazazi: kuacha tiba kabla ya kuimaliza.

Kwa nini tiba huachwa? Mara nyingi ni kwa sababu mtoto anaonekana amepona. Chukua mfano wa saratani ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliielezea akiwa Uganda mwaka 1958. Uvimbe wa taya unaweza kunywea siku chache tu baada ya dozi ya kwanza. Mtoto anakula, anacheza. Nauli imekwisha, mama amechoka, na nyumbani wadogo zake wanamlilia. Basi familia husema, "Tumshukuru Mungu, turudi kwetu." Kumbe chembechembe zilizobaki hazionekani kwa macho. Zikiachwa huzaliana upya, na dawa zile zile huenda zisizimudu tena.

Kwa hiyo mwulizeni daktari tangu mwanzo: tiba hii itachukua muda gani? Saratani ya damu iwapatayo watoto zaidi hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Ipangeni nyumba kwa muda huo.

SAFARI YA MUHIMBILI

Mtoto wa Unguja anayehitaji tiba hii kwa kawaida hupelekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Huduma ya saratani kwa watoto ilihamia huko mwaka 2011 kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road. Shirika la Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali ili watoto watibiwe bila malipo, na husaidia familia zinazotoka mbali kupata mahali pa kulala. Msikate tamaa kwa kuogopa gharama kabla hamjauliza. Ulizeni pia kama sehemu ya matibabu inaweza kufanyika Mnazi Mmoja.

Hata tiba ikiwa bure, boti haipandwi bure, na anayemuuguza mtoto hafanyi biashara wala halimi. Baba na mama wakae pamoja na kupanga nani atasafiri na nani atabaki. Si lazima mama aende kila mara. Shangazi au bibi akifundishwa vizuri anaweza kumpokea. Yeyote aendaye abebe kadi na vyeti vyote vya mtoto.

HOMA HAINGOJI BOTI

Kemotherapia ni dawa kali zinazoua chembechembe zinazozaliana upesi. Pamoja na zile za saratani, hudhuru pia mizizi ya nywele, ngozi ya kinywa na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Nywele hunyonyoka, lakini huota tena tiba ikiisha. Jambo la hatari ni kupungua kwa chembechembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Mara nyingi hupungua sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa.

Katika siku hizo, homa ya nyuzijoto 38 au zaidi ni dharura. Msingoje asubuhi, wala boti. Msimpe panadoli na kumlaza mkidhani ni malaria. Mpelekeni mara moja Mnazi Mmoja na kumwambia mhudumu wa kwanza: "Mtoto huyu yuko kwenye dawa za saratani." Walioko Nungwi au Makunduchi, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, wapatane mapema na mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku. Nunueni kipimajoto na kukiweka mahali ambapo kila mkubwa nyumbani anapajua.

Mkimbizeni vile vile akitokwa na damu isiyokoma, akihema kwa shida, au akitapika kila anachokunywa. Akikutana na mtoto mwenye surua au tetekuwanga, mwarifuni daktari siku hiyo hiyo.

CHAKULA NA DAWA ZA NYUMBANI

Maji yachemshwe. Samaki na mayai yaive kabisa. Urojo na vitafunio vya barabarani vingoje. Kinywa kikiwa na vidonda, uji laini, mtori au bokoboko isiyo na pilipili hupita vizuri. Mpeni kidogo kidogo, mara nyingi. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa.

Msimpe aspirini wala dawa za mitishamba kwa siri. Ni kweli kwamba vinkristini, dawa muhimu kwa watoto hawa, ilitokana na mmea wa maua wenye asili ya Madagaska. Lakini hospitali hupima kiasi chake kwa uangalifu mkubwa, na mmea huo ukichemshwa nyumbani ni sumu.

NDUGU ZAKE NA MAJIRANI

Kaka na dada wa mgonjwa huona mama hayupo na zawadi zote zinakwenda kwa mmoja. Waelezeni ukweli kwa maneno mepesi: ugonjwa hauambukizi, haukuletwa na kosa la mtu, wala si uchawi. Mgonjwa naye asiachiwe kila utundu, maana mtoto aliyeachiwa kila kitu huhisi kwamba wakubwa wamekata tamaa.

Jumuiya ndogo ndogo na majirani, Wakristo kwa Waislamu, wasiishie kutoa pole. Mmoja awapikie watoto waliobaki, mwingine awasindikize shule, wengine wachangie nauli ya safari ijayo. Wenye afya njema wachangie damu, kwani watoto hawa huihitaji mara kwa mara.

Nanyi majirani mkimwona mtoto amenenepa na anakimbia uwanjani, msiwaambie wazazi wake kwamba dawa sasa zinatosha. Waulizeni: "Safari inayofuata ni lini, na tuwasaidie nini?"