Unanunua au unauza nyumba kijijini? Anza na watu wanaotakiwa kukubali

Msimu wa korosho ukifunguliwa na malipo ya minada yakaanza kuingia, simu za wasikilizaji wetu hubadilika. Waliokuwa wakiuliza mvua na salfa sasa wanauliza nyumba. Mtu kapata pesa, jirani anauza, je, mkataba uandikweje? Ikifika Februari na Machi, chakula kimepungua ghalani, simu hutoka upande wa pili: nataka kuuza, nianzie wapi? Tumeona tuyaandike majibu hapa uyasome taratibu kwenye simu yako, maana dakika kumi za hewani hazitoshi.

Tunazungumzia nyumba iliyo kwenye ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Kiwanja cha mjini chenye hati ya Kamishna wa Ardhi kina njia yake nyingine.

Wengi huanza na bei. Sisi tunakuomba uanze na swali hili: nani wote wanatakiwa kukubali? Migogoro mingi ya nyumba tunayoletewa haitokani na bei. Inatokana na mtu mmoja ambaye hakuulizwa.

Wa kwanza ni mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema nyumba ya familia haiuzwi, haitolewi zawadi wala haiwekwi rehani na mume au mke peke yake wakati ndoa ipo, bila ridhaa ya mwenzake. Haijalishi jina lililo kwenye karatasi ni la nani, wala nani alifyatua matofali. Na usijifariji kwamba "hawa hawajafunga ndoa". Sheria hiyohiyo inasema watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na wakajulikana hivyo, hudhaniwa kuwa mke na mume mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo wewe mnunuzi, muuzaji akija peke yake jioni na kukuambia mama yupo safarini, msubiri mama arudi. Nyumba haikimbii. Mwenza asaini mwenyewe, au aweke dole gumba, mbele ya mashahidi.

Wa pili ni wale wenye haki ya urithi. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa sababu tu ndiye aliyebaki na funguo. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi, na msimamizi huthibitishwa na mahakama. Ukoo hukaa kikao, hupendekeza jina, muhtasari hupelekwa mahakamani, kwa vijijini mara nyingi Mahakama ya Mwanzo. Muombe msimamizi akuonyeshe barua ya uteuzi, na usome jina la marehemu lililoandikwa humo. Tena kwetu huku kusini, ambako koo nyingi za Wamakonde, Wamwera na Wayao zimehesabu ukoo kwa upande wa mama, wajomba wana neno zito juu ya ardhi. Mbele ya sheria mjomba hachukui nafasi ya mahakama, lakini ukimruka leo, keshokutwa utamkuta amekaa barazani kwako. Mwite mapema.

Wa tatu ni halmashauri ya kijiji. Hapa ndipo watu wanapojikwaa zaidi. Wengi huridhika na sahihi ya balozi, au ya mwenyekiti wa kitongoji, au na muhuri wa mtendaji uliogongwa chini ya mwembe. Balozi ni kiongozi wa chama. Anaweza kuwa shahidi mzuri anayekufahamu, lakini hana mamlaka juu ya ardhi. Mwenyekiti peke yake naye hana. Kibali hutolewa na halmashauri ya kijiji, yaani wajumbe wasiozidi 25 wakiwa kwenye kikao, na uamuzi ukaandikwa kwenye muhtasari. Mahakama zetu, hadi Mahakama ya Rufani, zimewahi kukataa mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila kibali hicho. Mnunuzi alikuwa na karatasi, alikuwa na mashahidi, na bado alishindwa. Omba nakala ya muhtasari wa kikao. Kama kijiji kinatoza ada, dai stakabadhi ya serikali. Pesa isiyo na stakabadhi imeishia mfukoni mwa mtu.

Kama muuzaji ana hati ya hakimiliki ya kimila, nenda masijala ya ardhi ya kijiji ukalinganishe na daftari lao. Jina, ukubwa na majirani vifanane. Kama hana hati, si lazima awe tapeli, kwani familia nyingi zinamiliki kwa mila na sheria inawatambua. Ila kazi ya kuuliza inakuwa yako zaidi.

Ukishajua nani anakubali, vaa viatu ukatembee mipaka. Nenda na majirani wa pande zote nne, mchana, si na muuzaji peke yake. Mpaka wa minyaa au wa mti mmoja uliokauka husogea miaka ikipita. Pimeni kwa futi kamba, hatua za miguu ziacheni, maana hatua za mnunuzi na za muuzaji hazijawahi kulingana. Angalia barabara: kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyumba yenye alama ya X ukutani, hata ikipakwa rangi upya, alama hiyo haijafutika kwenye vitabu vya barabara. Ukiwa kando ya mto, ziwa au bahari, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

Uliza pia kuhusu makaburi, jambo ambalo watu huona aibu kulitaja. Kama wazee wamezikwa nyuma ya nyumba, andikeni kwenye mkataba kwamba eneo hilo haliuzwi na familia itapita kuzuru na kufyeka. Minazi, miembe na mikorosho iliyo uani nayo ihesabiwe na iandikwe imo au haimo. Mavuno ya msimu huu ni ya nani? Tumeshasikia watu wakigombea nazi kwa miaka mitatu, nyumba yenyewe haina ubishi.

Sasa wewe unayeuza. Tunajua njaa haina subira, lakini nyumba inayouzwa Machi huwa na mnunuzi mmoja tu, na yeye ndiye anayetaja bei. Ukiweza kusogeza mpaka pesa za korosho ziingie, wanunuzi watakuwa wengi. Na jihadhari na kangomba ya nyumba. Mtu anakukopesha laki tano, anakuletea karatasi usaini "kwa ajili ya kumbukumbu", kumbe juu imeandikwa mkataba wa mauziano. Kama hujui kusoma vizuri, mwite mwanao au mwalimu akusomee neno kwa neno kabla ya kuweka dole. Mkopo uandikwe mkopo.

Mkataba wenyewe utaje majina kamili na namba za NIDA, vipimo, majirani wa pande nne, bei kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na malipo kama ni kwa awamu. Pesa ipite benki au kwenye simu, ili ibaki na kumbukumbu. Noti za kuhesabiana kitandani hazina shahidi.

Kodi ipo pia. Anayeuza hutozwa kodi kwenye faida, na ndiyo maana risiti za saruji na mabati zitunzwe, kwa kuwa gharama zako hupunguza faida hiyo. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi, na faida yake haizidi shilingi milioni 15, imesamehewa. Kabla hujalipa chochote, pita ofisi ya TRA ya wilaya ukaulize hesabu yako.

Na kama mgogoro umeshazuka, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7, watatu kati yao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana utaenda Baraza la Kata, nalo husuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 unaweza kufungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usikae ukisubiri: madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na siku zinahesabiwa tangu haki yako ilipoguswa.