Basi Bila Nauli: Ni Nani Alipaye?

Juma lililopita mama mmoja alipita ofisini kwetu parokiani jua likiwa utosini, mtoto mgonjwa mgongoni, akienda zahanati. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Basi lilimpita njiani, lakini nauli hakuwa nayo. Akaniuliza, "Karani, kwa nini Serikali isituchukue bure, ikalipa kwa kodi zetu?"

Wasomaji wapenzi, swali hili si la mchezo. Wako waliokwisha kulijaribu.

Nchi ndogo ya Luxembourg, huko Ulaya, iliondoa nauli za mabasi na magari ya moshi mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza. Lakini hata kabla ya hapo, nauli zilikuwa hazifikii sehemu moja katika kumi ya gharama. Zilizobaki zililipwa na kodi. Basi hatua yao ilikuwa fupi.

Mji wa Tallinn, katika Estonia, uliwapa wakazi wake safari za bure tangu mwaka 2013. Mtu akijiandikisha kuwa mkazi, sehemu ya kodi ya mapato yake huingia katika mfuko wa mji. Ndivyo mji ulivyorudishiwa fedha zake.

Mji wa Hasselt, Ubelgiji, ulianza mwaka 1997. Mabasi yaliongezwa, na abiria wakazidi mara kumi kwa miaka kumi. Lakini gharama nazo zilipanda, hata baadaye watu wengi wakaanza tena kulipa nauli.

Sasa tutazame kwetu. Basi la kijijini laishi kwa nauli: ndiyo inunuayo mafuta na mipira, ndiyo impayo dereva mshahara. Iondoe bila kuweka kitu mahali pake, na kesho hutaliona basi. Tena kodi si ya matajiri peke yao. Mara nyingi imo ndani ya bei ya vitu tununuavyo dukani. Je, ni haki mzee ambaye kijiji chake hakina hata barabara amlipie mtu wa mjini safari zake?

Sisemi mama yule asisaidiwe, la! Nasema tuanze panapofaa. Kodi itengeneze kwanza barabara, ili basi lifike hata wakati wa masika. Kisha imlipie nauli mgonjwa, mzee asiyejiweza na mtoto wa shule. Hao wakipata, ndipo tuzungumze habari ya watu wote. Nanyi mkiitwa mkutanoni kusema habari za kodi, msikae kimya. Ulizeni imefanya nini.

Siku ile katekista wetu alimchukua mama na mtoto kwa baiskeli yake mpaka zahanati, naye hakudai hata senti. Lakini aliporudi jioni, shati lake lilikuwa limelowa jasho. Safari ya bure ina mtu aliyeilipia. Yatupasa tumjue ni nani, na kama mzigo huo anauweza.