Zumaridi Haijaribiwi kwa Tupa

Mji wa Tunduma ni njia panda. Barabara moja yavuka mpaka kuingia Zambia, nchi iliyo miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa zumaridi duniani; nyingine yaelekea Sumbawanga, mkoani Rukwa, ambako nako zumaridi imepata kuchimbwa. Haishangazi, basi, kwamba jiwe la kijani hupita mjini humo mfukoni mwa mtu mmoja, na kipande cha kioo cha kijani kikapita mfukoni mwa mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa safu hii alimshuhudia huko mchimbaji mdogo akimkabidhi mnunuzi jiwe lake. Mnunuzi alilikwaruza kwa tupa, akaliweka juu ya kaa la moto, kisha akalitumbukiza majini. Likapasuka. Papo hapo akatangaza kuwa si kitu, naye akalichukua kwa bei isiyozidi nauli ya basi. Iwapo halikuwa kitu, alilichukulia nini?

Ni dhahiri kwamba majaribio ya namna hiyo hayathibitishi lolote. Zumaridi aghalabu huwa na nyufa za asili, na moto huzipanua. Wala kukwaruza kioo si ushahidi, maana hata kwatsi, lile jiwe jeupe lililotapakaa milimani, hukwaruza kioo.

Sisi tuliopitia chuoni tulilisikia jina la yakuti katika Surat Rahman kabla hatujaiona kwa macho. Tusichofundishwa ni kwamba, yapata miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Al-Biruni alivipima vito kwa maji, akiangalia kiasi kinachomwagika jiwe linapozamishwa chomboni. Zumaridi ina uzito wa karibu mara 2.7 wa maji ya ujazo wake. Yakuti nyekundu mara 4. Mizani nyepesi na bilauri ya maji vyatosha, na jiwe hurudi kwa mwenyewe likiwa zima.

Hata hivyo, jiwe likishafungwa kwenye pete halipimiki kwa njia hiyo, na ndugu zetu wa Visiwani wengi hununua pete iliyokwisha kutengenezwa na sonara. Hapo hapana budi kutumia nuru. Lenzi ya kukuza mara 10 huonyesha viputo vya hewa ndani ya kioo. Ndani ya zumaridi ya Zambia mara nyingi huonekana vipande vya ulanga. Refraktometa hupima jinsi nuru inavyopinda: kwa zumaridi kipimo ni karibu 1.58. Tena, jiwe likizungushwa baina ya vichujio viwili vya polaroidi vilivyopishanishwa, zumaridi huwaka na kuzima mara nne kwa mzunguko mmoja, ilhali kioo kwa kawaida hubaki na giza.

Zumaridi iliyotengenezwa maabara ndiyo yenye hila kubwa, kwani vipimo vyake hukaribiana mno na vya asili. Hiyo, pamoja na jiwe lililojazwa utomvu kwenye nyufa, huhitaji mitambo ya infraredi au ule unaotumia ugunduzi alioufanya Raman wa India mwaka 1928. Nayo haiondoi hata chembe moja ya jiwe.

Tangu mwaka 2019 Serikali imeanzisha masoko ya madini mikoani. Jambo jema. Lakini Kituo cha Jemolojia Tanzania kiko Arusha, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Tunduma, na mchimbaji mwenye jiwe moja hawezi kuufunga safari umbali huo. Mitambo mikubwa na ibaki huko. Lenzi, vichujio, mizani na refraktometa vyaenea katika mkoba mmoja, na vijana wa Songwe wanaweza kufundishwa kuvitumia. Wahusika wa Wizara wavipeleke mpakani, na kila jiwe lipimwe mbele ya mwenyewe, naye akabidhiwe majibu kwa maandishi kabla bei haijatajwa.